Mguu wa Mama Muhire

POLISI YA TERITWARI, KITUO CHA FIZI

Maelezo ya shahidi, yaliyoandikwa leo Ijumaa, tarehe 16 Machi 1956, mbele ya Brigadia Norbert Asukulu.

Jina: Waziri bin Feruzi
Umri: miaka arobaini hivi. Nilizaliwa mwaka ambao baba yangu alirudi kutoka upagazi wa vita vya Wajerumani.
Kazi: fundi wa magari
Makazi: Baraka
Uhusiano na mtuhumiwa: shemeji

Brigadia amenionya niseme niliyoyaona kwa macho yangu, na ya sokoni niyaache sokoni. Kwanza naomba iandikwe kwamba Uledi, dereva aliyefungiwa humu kituoni, amemwoa dada yangu Waridi. Sifichi. Mtu akiona maneno yangu yameegemea upande, ajue yameegemea wapi.

Gari lenyewe ni kamioneti, lori dogo la Bwana Useni, mfanyabiashara wa Baraka. Ni gari kuukuu, lilikuja huku kabla vita vya pili havijaisha, na limepita mikononi mwangu mara nyingi hata nalijua kwa kikohozi chake. Hubeba chumvi, vitambaa na ndagala, yaani dagaa wakavu, kutoka Baraka, hupanda mpaka hapa Fizi, halafu huendelea Lulimba kwa wachimba dhahabu. Abiria hukaa nyuma juu ya mizigo.

Marehemu Kabanyana alikuwa mke wa Semutobo, mtu wa Bibokoboko, kule mlimani. Sisi tulimwita Mama Muhire, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Semutobo huswaga ng'ombe kwa miguu hadi Lulimba, huwauza huko kidogo kidogo, na hukaa miezi bila kurudi mlimani. Mkewe alikuwa akishuka na vyungu vyake vya samli, analala Baraka nyumbani kwangu, kesho yake anapanda kamioneti kumfuata mumewe. Alikuwa mwanamke mrefu, mchekaji, asiyejua kukaa bure. Hata ugenini alikuwa akimnyang'anya mke wangu Asha ufagio. Nayasema haya kwa sababu kwenye karatasi za serikali mtu huandikwa "maiti" kana kwamba alizaliwa hivyo.

Mwezi wa Januari kifuniko cha tangi la esanse, yaani mafuta ya gari, kilidondoka njiani kikapotea. Uledi akaziba tangi kwa kitambaa. Kila mlima esanse ikamwagika, chumvi ya watu ikanuka, akina mama wakatapika. Semutobo alipoliona jambo hilo kule Lulimba akasema ni dogo, amwachie yeye. Watu wa kwao huchonga vyombo vya maziwa vya mti, na chombo kikivuja maziwa ni aibu ya nyumba nzima. Akachonga kifuniko cha mti mgumu, akakizungushia ngozi ya ndama iliyolainishwa kwa samli, kikaingia kwenye mdomo wa tangi bila kuacha nafasi ya unywele. Bwana Useni alikileta kwangu nikikague. Nilikigeuza mkononi, nikakisifu, nikasema hata Ulaya hawajui hivi.

Tangu siku ile halikumwagika tone. Mama Muhire alijivunia kifuniko kile kuliko nguo zake. Aliwaonyesha abiria wapya: "Bwana yangu ndiye alichonga hii." Uledi akimaliza kutia esanse, yeye ndiye aliyekifunga, anakisokota kisha anakigonga kwa kiganja, jinsi wanavyofunga maziwa yao ya safari.

Mwezi wa Februari gari likaanza kuugua. Linakwenda vizuri, halafu taa nyekundu iliyo mbele ya dereva inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika, motere inapiga chafya, inakufa. Ukikaa kidogo, Uledi akizungusha manivela, kile chuma cha kuwashia kwa mkono, motere inaunguruma kama vile ilikuwa inawatania. Taa ile ni ya dinamo. Ikiwaka maana yake dinamo haitoi umeme. Basi nikaishika dinamo. Nilibadili makaa yake, nikabadili mkanda, nikasugua nyaya zote, mwisho nikabadili na bobini, yaani koili inayotia cheche. Kwenye karakana yangu motere ilinguruma toka asubuhi hadi adhuhuri bila kukosea. Likirudi barabarani, linakufa. Ugonjwa unaojificha kila fundi akifika unaweza kumtia mtu wazimu, na mimi nililala na hasira nyingi mwezi ule.

Abiria nao walikuwa na ufundi wao. Anatole, mchuuzi wa ndagala, ndiye aliyekumbuka kwamba gari lilipokufa safari ile, Mama Muhire alikuwamo, na safari ya kabla yake vilevile. Ni kweli alikuwamo. Lakini lilikufa pia mara nyingi akiwa kwao mlimani, na hizo hakuna aliyezitia hesabuni. Kwanza ilikuwa mzaha. Anatole alimwambia, "Mama Muhire, shuka kidogo, motere ipumue." Yule mama akacheka, akashuka, akatangulia kwa miguu. Motere ikawaka. Wakamkuta mbele, akapanda tena. Safari iliyofuata wakafanya vilevile, motere ikawaka tena. Mzaha ukifaulu mara mbili huacha kuwa mzaha. Watu wakaanza kusema iko na muguu mubaya, yaani anatembea na mkosi, na akipanda, wengine wakasogeza mizigo yao mbali na yeye.

Usiku wa mwisho alipolala kwetu, alimwuliza mke wangu kama Waislamu wana dawa ya mguu. Alisema kwao wamemwombea kanisani na haikusaidia. Hili sikulisikia mimi, alilisikia Asha. Kama sheria inalikataa, lifutwe.

Mnamo tarehe 13 Machi, siku ya Jumanne, Bwana Useni aliniambia nipande kamioneti mimi mwenyewe mpaka Lulimba, niuone ugonjwa ukija. Tuliondoka Baraka saa kumi na mbili asubuhi, tangi limejaa. Mbele tulikaa Uledi na mimi. Nyuma walikuwamo Anatole, Florentine ambaye mumewe ni mchimba dhahabu, na Mama Muhire. Hakukuwa na mwingine. Mama Muhire ndiye aliyefunga tangi.

Kwenye mlima wa kupandia Fizi taa iliwaka na kuzimika, motere ikapiga chafya, ikafa. Nataka Brigadia aandike vizuri jinsi Uledi alivyofanya, maana ndivyo alivyofanya siku zote. Alitia jiwe chini ya gurudumu, akaenda kwenye tangi, akang'oa kifuniko, akatumbukiza kijiti, akakiinua watu wakione. "Esanse iko," akasema, akafunga. Dereva aliyewahi kuaibika kwa kuishiwa mafuta hufanya hivyo maisha yake yote. Mimi nilikuwa bado nafungua boneti. Nilipoangalia, waya ulitoa cheche nzuri, na kikombe cha kioo cha pampu kilikuwa kimejaa esanse. Nikashika hiki na kile, sikuona kitu. Nyuma nikasikia Mama Muhire anateremka. Uledi akazungusha manivela, motere ikawaka.

Anatole akanicheka kutoka juu ya mizigo: "Fundi, umeona? Haukufunga hata skuru moja!"

Nakiri kwamba kwa dakika moja na mimi niliutazama mguu wa yule mama.

Tulipumzika hapa Fizi, tukaongeza esanse kutoka kwenye bidoni, dumu la akiba, tukaondoka saa saba mchana. Saa tisa hivi tulikuwa tunateremkia kijito kinachokata barabara, penye daraja la magogo. Ng'ambo ya daraja kuna mlima mkali wenye udongo mwekundu. Wingu lilikuwa limeshafunga na matone makubwa yameanza. Hapo, kabla ya daraja, taa ikawaka, motere ikafa.

Uledi alikwenda kwenye tangi na kijiti chake. Mimi nilifungua boneti. Safari hii hakuna aliyesema neno kwa Mama Muhire. Alishuka mwenyewe, akajifunika blanketi kichwani, akamkabidhi Florentine chungu kimoja cha samli kisipinduke. Alinipitia karibu, nikamwambia, "Mama, mvua hii, kaa ndani." Akanijibu, "Bacha, fundi. Bwana yangu anangoja samli. Miye nikiwa chini mutafika." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayejua wajibu wake, na ndicho kinachonichoma mpaka leo.

Motere ikawaka. Uledi aliogopa kusimama kwenye mlima ule, maana udongo ukilowa gari halitoki tena. Alimpigia kelele dirishani, "Mama Muhire, tutakungoja juu!" Yeye akainua mkono. Tukavuka magogo, tukapanda, tukasimama juu penye tambarare. Mvua ikaja yote kwa pamoja. Hatukuweza kuona hata mbele ya gari.

Nikiulizwa tulingoja muda gani, najibu sikuwa na saa, ilikuwa ni muda wa mvua ile kupungua. Florentine ndiye aliyeanza kupiga ukuta wa gari akisema, "Bababa, mama hajafika. Muende kumuangalia!" Uledi na mimi tuliteremka tukikimbia na kuanguka. Maji yalikuwa yamepanda juu ya magogo, na gogo moja halikuwapo. Tulimwita. Uledi aliingia majini mpaka kifuani, nikamvuta kwa shati. Hajui kuogelea, na yeye ni mtu wa ziwani. Tulimtafuta kingo zote mbili mpaka giza, tukaendelea kwa taa, hatukumpata.

Asubuhi ya Jumatano wanakijiji wa chini walimkuta kwenye matete. Blanketi lilikuwa bado limefungwa shingoni. Tulikuwa tunampandisha barabarani alipotokea Semutobo kwa miguu kutoka upande wa Lulimba. Aliona gari halijafika, akatembea usiku kucha kuja kulitafuta. Alikuwa na fimbo yake na kibuyu cha maziwa kwa ajili ya mkewe.

Hakupiga kelele. Alimfuta mkewe matope usoni kwa mkono, halafu akauliza, "Mu gari nafasi ilikosa?"

Akauliza tena, "Kwa nini muke yangu alikuwa chini, na ninyi bote mulikuwa juu?"

Florentine akalia, akasema, "Baba Muhire, utusamehe. Tulisema iko na muguu mubaya. Akishuka, motere inawaka."

Semutobo akamgeukia Uledi, akamshika koo. Anatole na mimi tuliwaachanisha. Uledi hakujitetea hata kwa kuinua mikono. Hapo ndipo Semutobo alipoapa kwamba atamshtaki dereva kwa serikali, na ndiyo sababu tuko hapa.

Tulimlaza marehemu ndani ya kamioneti, mumewe akaketi kando yake. Watu walitusaidia kurudisha gogo, tukageuza gari kurudi Fizi. Katikati ya njia taa nyekundu ikawaka na kuzimika, motere ikapiga chafya, ikafa.

Nilimsikia Anatole nyuma anasema kwa sauti ndogo, "Ee Mungu." Alikuwa ameelewa nusu ya jambo. Sasa ni nani angeshuka?

Uledi hakutoka. Aliinamisha kichwa juu ya usukani. Hakwenda kwenye tangi, hakuchukua kijiti. Mimi nikafungua boneti peke yangu, na kwa mara ya kwanza nikakuta kikombe cha kioo cha pampu hakina esanse. Kikavu kabisa. Nikafuata bomba kwa mkono mpaka kwenye tangi. Nikashika kifuniko, kikakataa kutoka. Nikakivuta kwa mikono miwili. Kilipotoka, tangi likavuta hewa kwa kelele ndefu, niliisikia na Semutobo aliisikia. Nikarudi mbele. Kikombe kilikuwa kinajaa.

Kifuniko cha kiwandani kina tundu dogo, sindano haipiti vizuri. Kazi yake ni kuliacha tangi livute hewa kila esanse inapotoka. Kifuniko cha Semutobo hakikuwa na tundu. Ni fundi gani wa vyombo vya maziwa atakayetoboa kifuniko? Esanse ilitoka, hewa haikuingia, mwisho pampu ikashindwa kunyonya na motere ikafa njaa tangi likiwa limejaa. Uledi akifungua kuangalia, hewa inaingia, ugonjwa unapona kabla sijafika. Na Mama Muhire naye alikuwa anashuka dakika hiyohiyo. Kwangu karakanani halikufa kwa sababu mimi najaribia motere tangi likiwa wazi, nikiongeza esanse kwa chupa. Na ile taa haikusema uongo hata siku moja. Dinamo ilinyamaza kwa kuwa motere inakufa, mimi nikasoma kinyume.

Ili niwe na hakika nilifunga tena, nikaendesha. Likafa. Nikafungua, likawaka. Nikaweka kitambaa juu ya tangi, tukafika Fizi bila kusimama.

Semutobo aliniuliza nikiwa bado nimeshika kifuniko, "Fundi, iko nini?" Nilimwambia ni uchafu wa esanse. Akasema, "Usipoteze hiyo. Yeye aliipenda." Nikakitia mfukoni. Brigadia anacho hapo mezani.

Nikiulizwa kama Uledi alimsukuma marehemu ashuke, najibu hapana, hakuna aliyemgusa. Nikiulizwa kama kuna aliyemshika mkono asishuke, najibu hapana. Mimi nilisema neno moja tu na nikarudi kwenye bobini yangu.

Nikiulizwa sababu ya kuchelewa kuyasema haya ya kifuniko, najibu kwamba Semutobo hajui. Yuko nje kwenye benchi na ndugu zake, wanangoja ruhusa wampandishe mkewe Bibokoboko. Jana nilifikiri ninyamaze. Uledi akifungwa, siku moja atatoka. Semutobo je, akijua ni kazi ya mkono wake, atatokea mlango gani? Dada yangu Waridi ana watoto watatu kwa Uledi na akisikia kwamba niliwaza hivyo hatanipikia tena. Lakini Brigadia ameniuliza kwa kiapo ni nini kilichoizima motere, na mimi ni fundi.

Brigadia ameniuliza kama basi kifuniko ndicho kilichoua. Najibu: kifuniko kilizima motere, basi. Gari lililozimika lilikuwa limesimama salama barabarani, na sisi tuliokaa ndani yake tulikuwa wakavu. Kifuniko hakina mdomo wa kumwambia mtu shuka. Maneno yale yalikuwa yetu, na tuliyasema kwa kucheka. Naomba hili liandikwe kama nilivyolisema, hata kama halimsaidii shemeji yangu.

Niliyokuwa nayo ni hayo. Nimesomewa, nimeyatambua kuwa ni yangu, na sina la kuondoa.

Sahihi ya shahidi: Waziri bin Feruzi (ametia sahihi kwa herufi za Kiarabu)

Maandishi ya afisa: Maelezo haya nimeyaandika mimi, kwa Kiswahili, kama shahidi alivyoyatoa, bila kumlazimisha. Kifuniko kimoja cha mti chenye ngozi kimepokelewa kuwa kielelezo. Baada ya shahidi kutoka, mlalamikaji Semutobo aliingia, akaomba kujua kilichosemwa. Nilimsomea yote. Tulipofika pa kifuniko alinisimamisha, akaomba nirudie, nikarudia. Alikitazama mezani, hakukigusa. Nilimwuliza kama bado anamshtaki dereva Uledi. Alisema: "Pale uliandika majina ya bale balikuwa mu gari, uweke na yangu." Nilimweleza kwamba siku ile yeye alikuwa Lulimba, na mtu haandikwi mahali ambapo hakuwapo. Akasema, "Weka." Nilimwambia tena kwamba haiwezekani. Alibaki amesimama mbele ya meza mpaka ndugu zake walipokuja kumchukua.

N. Asukulu, Brigadia
Fizi, 16/3/1956